Betri ya Gari ni Pembejeo, Inunue Kama Unavyonunua Mbegu

Najua mkiona leo naandika habari za betri mtauliza: afisa ugani na betri za magari wapi na wapi? Swali zuri. Jibu langu ni hili: kwa mkulima wa biashara wa huku kwetu milimani, karoti iliyokwama barabarani haina tofauti na karoti iliyoozea shambani. Umelima, umepalilia, umepiga dawa, umevuna, halafu gari haliwaki saa nane usiku. Hasara ni ileile.

Wengi wenu siku hizi mna kirikuu, Noah iliyotolewa viti au Hilux ya zamani. Mnatoa mzigo Lukozi, Malindi au Mtae, mnateremka Soni hadi Mombo, mnapakia kwenye Fuso la Dar. Fuso halikusubiri. Mnunuzi wa Ilala naye hakusubiri. Kabichi inaweza kuvumilia siku moja, lakini letusi, brokoli na njegere mbichi hazivumilii. Ukichelewa masaa manne unakuta bei ni nyingine kabisa, na dalali anakuangalia kwa huruma ya uongo.

Kwa hiyo msimamo wangu leo ni mmoja. Betri ni pembejeo, na vijana wengi mnaochagua mbegu chotara kwa umakini mkubwa mnanunua betri kama mnanunua njugu stendi.

Baridi ya Lushoto inasingiziwa

Kila mwaka kuanzia Juni hadi Agosti nasikia wimbo uleule: "Baridi ya huku inaua betri." Si kweli, au tuseme ni nusu ya ukweli. Kinachoua betri ni joto. Ndani ya betri kuna sahani za risasi zilizozama kwenye tindikali. Joto likipanda, kemia ya humo ndani inakwenda mbio, sahani zinaliwa haraka na maji yanapungua. Kanuni ambayo mafundi wengi wanaitumia ni kwamba kila joto la betri likiongezeka nyuzi 10 hivi, umri wake unapungua karibu nusu.

Sasa fikiria safari yako. Lushoto mjini tuko mita 1,400 hivi kutoka usawa wa bahari, Mombo ni bondeni chini kabisa, na kati yake ni kilomita thelathini na kitu tu. Betri inashinda mchana kutwa kwenye joto la Mombo, chini ya boneti, pembeni ya injini iliyochemka. Hapo ndipo inapoumia. Ukirudi Magamba usiku, baridi inakuja kufichua ugonjwa tu: oili imekuwa nzito, stata inahitaji nguvu zaidi, na betri wakati wa baridi inatoa nguvu pungufu. Asubuhi gari linakohoa, unalaumu baridi. Ni kama kulaumu kipimo kwa malaria uliyoletewa na mbu.

Maana yake kwa mnunuzi ni kwamba betri inayokufaa ni ile yenye nguvu ya kutosha ya kuwasha gari kwenye baridi, na pia iliyotengenezwa kuvumilia joto. Muuzaji akikwambia "hii ni ya nchi za baridi, nzuri kwa Lushoto," muulize kama anajua Mombo iko wapi.

Usinunue jina, nunua tarehe

Sitataja chapa ya kununua hapa. Si kazi yangu kumpigia debe mtu, na chapa nzuri iliyokaa dukani mwaka mzima ni mbaya kuliko chapa ya kawaida iliyotoka kiwandani juzi. Betri ni kama mbegu: hata ikiwa kwenye rafu haijatumika, inazeeka. Inajimaliza chaji yenyewe polepole, na ikikaa bila chaji sahani zinaganda chumvi ngumu ambayo baadaye haiondoki kwa kuchaji. Mbegu unaangalia tarehe ya mwisho na lebo ya TOSCI. Kwa nini betri ya laki kadhaa hauiangalii chochote?

Ukifika dukani fanya haya, na usione aibu:

1. Tafuta tarehe ya kutengenezwa. Huwa imegongwa juu ya mfuniko au iko kwenye stika. Baadhi ya viwanda wanaandika kwa herufi ya mwezi na namba ya mwaka, A ikiwa Januari, B Februari na kuendelea. Muuzaji akufafanulie. Asipojua au akikwepa, aga kwa heshima. Mimi naona betri iliyopita miezi sita tangu itengenezwe usiichukue mpaka ipimwe mbele yako.

2. Omba ipimwe kwa mita. Betri ya volti 12 ina vyumba sita, kila kimoja kinatoa volti 2 na ushee, kwa hiyo ikijaa sawasawa inasoma kama 12.6. Ikisoma 12.4 imebaki kama robo tatu. Ikisoma 12.2 iko nusu. Betri "mpya" inayosoma 12.0 usiibebe nyumbani, hiyo imeshalala njaa muda mrefu.

3. Soma namba za ukubwa. Ah ni kiasi cha umeme inachobeba, CCA ni nguvu ya kuwasha gari kwenye baridi. Injini ya dizeli inataka CCA kubwa kuliko ya petroli yenye ukubwa sawa. Fuata kile kitabu cha gari kinachosema, ukizidisha kidogo si mbaya mradi ikae vizuri kwenye kiti chake. Ukipunguza ili uokoe hela, umejitega mwenyewe. Kuna vijana wanafunga betri ya kirikuu kwenye Hilux ya dizeli, halafu wanashangaa.

4. Angalia upande wa vichwa. Betri za Kijapani zina herufi L au R mwishoni mwa namba zake, inaonyesha vichwa vimekaa upande gani. Ukichukua isiyo yako waya hazifiki, au mbaya zaidi fundi mwenye haraka anazigeuza na kuunguza oltaneta. Dawa rahisi: nenda na betri ya zamani dukani.

5. Dai risiti ya EFD na karatasi ya dhamana yenye tarehe na muhuri. Dhamana ya mdomo haipo. Na usome masharti, kwa sababu nyingi zinakufa ukiifungua betri mwenyewe au ukiitumia kwenye sola.

Halafu kuna hili neno "betri kavu". Wengi wanadhani haina tindikali ndani. Ina tindikali kama kawaida, ila imefungwa usiongeze maji. Ile ya kuongeza maji siyo mbaya, tena kwa mtu anayekagua kila mwezi inaweza kudumu vizuri tu. Ila ujue tabia yako. Kama wewe hata maji ya rejeta unakumbushwa, chukua iliyofungwa. Na ukiwa na ya kuongeza, weka maji ya betri ya dukani peke yake. Maji ya chemchemi zetu ni matamu kunywa lakini yana madini yanayoharibu sahani. Tindikali nayo usiongeze, kinachopungua humo ni maji.

"Lakini hela sina"

Hapa ndipo mabishano yanapokuwa makali, kwa hiyo tupige hesabu. Chukua mfano tu, wewe weka bei za dukani kwako. Tuseme betri ya bei ya chini ni shilingi 150,000 na inakufa baada ya miezi 10. Hiyo ni shilingi 15,000 kwa mwezi. Tuseme nzuri ni 288,000 na inakaa miezi 36. Hiyo ni 8,000 kwa mwezi. Sasa ya bei rahisi ni ipi? Na bado hujaweka mzigo mmoja wa hoho uliolala njiani.

Betri ya mtumba ni hadithi nyingine. Imetolewa kwenye gari la mtu kwa sababu. Ikichajiwa usiku kucha asubuhi inasoma vizuri, wiki ya tatu inakuzimikia.

Nakubali kuna msimu ambao mfuko umekauka kweli. Lakini vikundi vyetu vinanunua bomba la kupulizia kwa pamoja, vinakodi trekta dogo kwa pamoja. Mita ya volti ni kitu cha bei ndogo sana, kikundi kizima mnaweza kuwa na moja. Ukipima kila mwezi unajua betri inaelekea wapi na unaanza kuweka akiba mapema. Pima asubuhi kabla hujawasha. Kisha washa, pima tena injini ikiunguruma: inatakiwa isome kati ya 13.8 na 14.4 hivi. Ikiwa chini, tatizo ni mkanda au oltaneta, na betri mpya haitakusaidia, nayo itakufa. Ikizidi sana 14.8, inapikwa. Betri nyingi zinazolaumiwa huku zimeuliwa na oltaneta.

Kushtua gari mteremkoni kuishe

Hili ndilo lililonifanya niandike. Huku kwetu mteremko uko kila mahali, kwa hiyo mtu anaishi na betri mbovu miezi mitano: analaza gari juu ya kilima, asubuhi anaachia breki, linateremka, anatia gia ya pili, linashtuka. Tunaona ni ujanja. Jamani, gari lisilowaka halina msaada wa breki na usukani wake ni mzito. Ukikanyaga mara mbili tatu breki inakuwa kama jiwe. Sasa weka tani ya viazi nyuma, barabara ina utelezi wa mvua za masika, kona iko mbele na chini ni korongo. Na watoto wa shule wanatembea pembeni asubuhi hiyohiyo. Nimeona gari la mzigo limeishia kwenye bustani ya watu kwa namna hii. Mungu alisaidia, hakuna aliyekufa. Hatutakuwa na bahati kila siku.

Siyo suala la kipato tena. Mtu anayebania betri halafu anaachia tani moja iteremke bila injini, anacheza na maisha ya wengine.

Itunze idumu

Nitapita haraka. Betri ifungwe imara kwenye kiti chake kwa kibano, siyo mpira wa tyubu na kipande cha mti. Njia za Mtae zinatikisa, sahani zinamomonyoka na kugusana. Safisha ule unga mweupe kwenye vichwa kwa maji ya moto yenye magadi, kausha, paka grisi. Wakati wa kupakia usiku msiwashe taa kubwa na muziki injini ikiwa imezimwa saa mbili nzima, tumieni tochi. Gari likikaa wiki nyingi msimu wa kiangazi, chomoa waya hasi. Wenye Fuso na magari ya volti 24: betri ni mbili, zibadilishwe zote pamoja. Mpya ukiiunga na chakavu, chakavu inaivuta mpya kaburini.

Na betri ya gari siyo betri ya sola. Ya gari ina sahani nyembamba, kazi yake ni kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache kisha ichajiwe. Ukiitoa jioni kuwasha taa za banda la kuku mpaka iishe kabisa, unaiua. Nunua ya sola kwa kazi ya sola.

Ya zamani usiitupe shambani

Mwisho, na hapa narudi kwenye kazi yangu hasa. Nimekuta betri kuukuu zimepasuliwa kando ya mifereji inayomwagilia bustani, mtu anatafuta risasi ya kuuza. Tindikali inaunguza udongo, lakini risasi ndiyo mbaya zaidi: haiozi, inabaki ardhini, inafika kwenye mboga na kwenye mikono ya watoto, na kwa watoto inaharibu akili. Jirani zetu wa Owino Uhuru, Mombasa, walijengewa kiwanda cha kuyeyusha risasi ya betri za zamani jirani na nyumba zao. Watu wakaugua. Phyllis Omido aliyeongoza mapambano hayo alipata Tuzo ya Goldman ya mazingira mwaka 2015, na mwaka 2020 mahakama ya Mombasa iliamua wakazi walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3. Kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu. Fedha haimrudishii mtoto akili yake.

Betri chakavu kisheria ni taka hatarishi. Irudishe kwa muuzaji, wengi wanapunguza bei ya mpya ukiwapa ya zamani, au umpe mkusanyaji mwenye kibali. Usiipasue.

Kazi ya wiki hii ni ndogo tu. Kesho asubuhi, kabla hujawasha gari, fungua boneti. Soma tarehe ya betri yako, tikisa uone kama imefungwa, pima volti. Ukikuta 12.2 na ina miaka mitatu, anza kuweka hela sasa hivi, kabla msimu wa njegere haujaanza. Tuonane shambani.