Mwachieni Shoferi, Kamateni Kiwanda

Hapa Rohero, Bujumbura, gari la bei kubwa likifa injini, kesi huwa imeshaamuliwa kabla ya boneti kufunguliwa. Mshtakiwa wa kwanza ni shoferi: alikimbiza, hakuangalia oili, alipandisha mlima wa Kiriri gari likiwa halijapata moto. Akiponea hapo, lawama inahamia kwenye mafuta ya bidoni. Yakikosekana hayo, yupo fundi wa Buyenzi, ambaye hajawahi kukosa kosa. Kiwanda kilichounda injini hakiitwi hata kutoa ushahidi.

Nyuma ya hukumu hiyo ipo imani moja iliyonichosha: kwamba gari ghali halifi, huuawa. Wenye nyumba za Rohero wanaiamini, wakuu wa mashirika wanaiamini, na mashoferi wenyewe wanaiamini, ndiyo maana hujitetea kwa sauti ya chini. "Shefu, oili niliweka." "Kama uliweka, imekufaje?" Shefu akishauliza hivyo anaona amemaliza. Lakini aliuliza swali zuri sana. Imekufaje? Angelisubiri jibu tu.

Tuanze na jina ambalo mjini kwetu halisemwi vibaya. Mwezi Mei 2024 Toyota iliyaita magari yapatayo 102,000 yarudi, nchini Marekani: Tundra za 2022 na 2023 pamoja na Lexus LX za miaka hiyohiyo. Sababu waliiandika wenyewe na kuiwasilisha NHTSA, wakala wa serikali ya Marekani wa usalama barabarani. Baadhi ya injini zilitoka kiwandani zikiwa na chenga za chuma, mabaki ya kukereza vipuri ambayo hayakusafishwa yakaisha. Chenga hizo zikifika kwenye beringi kubwa za krenki, injini inaweza kugonga, ikaanza kukosa nguvu, au ikazima gari likiwa katikati ya mwendo. Wiki kadhaa baadaye ikatangazwa dawa: kubadilisha injini. Novemba 2025 wakaita mengine yapatayo 127,000, safari hii na Lexus GX ya 2024 ikiwemo.

Injini hiyo ni V35A-FTS, silinda sita, lita 3.4, turbo mbili. Ya ukoo huohuo ndiyo iliyo ndani ya Land Cruiser 300 ya petroli, ile iliyotoka 2021 na inayopita barabara zetu vioo vikiwa vyeusi. Wito ule wa Marekani haukuitaja 300, kwa kuwa hata haiuzwi huko, wala mimi sisemi kila 300 ina chenga tumboni. Nasema hivi: mwenye Tundra iliyoanza kugonga huko Texas alipewa injini mpya bila kuulizwa nani alikuwa ameshika usukani. Kwetu mlio uleule unamtoa mtu kazini.

Mtasema ni ajali ya mara moja, Toyota ni Toyota. Basi rudini nyuma hadi Septemba 2015. Hyundai iliita Sonata za 2011 na 2012 zipatazo 470,000 Marekani, na sababu ni ileile karibu neno kwa neno: chenga za chuma zilizobaki kwenye krenki katika kiwanda chao cha injini, Alabama. Mwaka uliofuata, mhandisi wao aliyefanya kazi Hyundai zaidi ya miaka 20, Kim Gwang-ho, alikwenda kuwaambia NHTSA kwamba kampuni inajua zaidi ya inavyosema. Akafukuzwa. Novemba 2020 Hyundai na Kia zikakubali adhabu ya jumla ya dola milioni 210 kwa kuchelewa kuyaita magari, na mwaka mmoja baadaye Kim akazawadiwa na serikali ya Marekani zaidi ya dola milioni 24. Ukisoma habari hiyo huku umeamini kwamba injini huuawa na madereva, huna pa kumweka mtu huyu. Alikuwa ofisini. Aliyoyaona yalikuwa kwenye makaratasi.

Na mwezi Aprili 2025 ikawa zamu ya General Motors: karibu magari 600,000 Marekani, yenye injini ya V8 ya lita 6.2, Cadillac Escalade zikiwemo. Kasoro ilikuwa kwenye krenki na konrodi. Injini mbovu zikatengenezwa au zikabadilishwa. Zilizopita ukaguzi zikawekewa oili nzito zaidi, 0W-40 mahali pa 0W-20. (Mafundi wa Buyenzi, ambao kwa miaka mingi wametukanwa kwa kumshauri mteja aweke oili nzito kidogo, wana haki ya kucheka hapa. Si kila gari linafaa kufanyiwa hivyo, lakini wacheke.)

Sasa nije kwenye hoja yenye nguvu kuliko zote za upande wa pili, yaani mafuta. Hakuna aliyeishi Bujumbura miaka hii ya uhaba atakayenidanganya kwamba tulikuwa tunatia mafuta safi. Vituo vikiwa vimekauka, bidoni zilivuka kutoka Uvira, Kongo, kupitia Gatumba, zikahifadhiwa mahali ambapo hutaki kupajua, zikamiminwa kwa faneli iliyokatwa kwenye chupa ya plastiki. Maji yamo, mchanga umo, na pengine mafuta ya taa. Nakubali yote. Mazutu (dizeli) yenye maji huua pampu na nozeli, na kwenye gari la kisasa vitu hivyo viwili vinaweza kugharimu zaidi ya Probox nzima. Petroli mbaya inaweza kutoboa pistoni.

Lakini beringi za krenki haziogi petroli. Zinaoga oili. Njia ya mafuta machafu kuzifikia ni kuvujia kwenye oili na kuifanya nyepesi, na jambo hilo lina alama zake: oili inazidi kipimo kwenye stiki, nayo inanuka mazutu au petroli. Ni ukaguzi wa dakika moja. Nani Rohero aliyewahi kuufanya kabla ya kutamka neno "bidoni"?

Fundi anayejua kazi hahitaji maabara ili aanze. Nimesimama Buyenzi nikimtazama mmoja akimwaga oili kwenye beseni pana, taratibu, halafu akalisogeza beseni juani. Oili ilimetameta. Akachukua msumeno, akaikata filta huku akiizungusha hadi kifuniko kikatoka, akaivuta ile karatasi ya ndani iliyokunjwakunjwa na kuitandaza kwenye boksi. Katikati ya mikunjo kulikuwa na vipande vyembamba kuliko ukucha. Akapitisha sumaku: baadhi vikarukia, vingine vikabaki vimelala, vyenye rangi ya shaba. Vilivyolala vilikuwa vya beringi, ngozi yake ya ndani. Vilivyorukia ni chuma, na chuma kilitoka wapi ndilo swali la kuandika. Alipofika kwenye krenki alipitisha ukucha wake juu ya sehemu inapokaa beringi. Ukakwama kwenye mtaro. Kisha akaitazama oili yenyewe: haikuwa tope, haikuwa imeungua, ilikuwa oili ya kawaida ya gari linalobadilishiwa kwa wakati. Hapo yeye, mtu asiye na cheti cha kiwanda chochote, akasema, "Huyu dereva hana kosa." Mwenye gari alikuwa ameshamaliza kupiga simu ya kutafuta dereva mwingine.

Wapo mashoferi wazembe, tusidanganyane. Kuna anayeona taa nyekundu ya oili akaendelea hadi nyumbani kwa sababu shefu ana haraka. Mzembe huyo naye anajulikana kwa alama: oili nyeusi iliyoganda chini ya sampu, filta iliyopitwa na wakati, beringi zilizobadilika rangi kwa joto. Atiwe hatiani kwa alama hizo, isiwe kwa sababu yeye ndiye wa bei rahisi kuliko wote katika kesi.

Imani hii kwamba gari ghali huuawa ilizaliwa wapi? Nadhani ilizaliwa kihalali. Land Cruiser iliyojenga jina katika milima yetu ilikuwa na injini ya 1HZ, dizeli ya lita 4.2 iliyotoka 1990, isiyo na turbo, yenye nguvu za farasi zipatazo 130. Injini nzito, mvivu, inayovumilia. V35A-FTS katika Land Cruiser 300 inatoa farasi 409 kwa lita 3.4. Piga hesabu: kila lita inabebeshwa karibu mara nne ya ile ya zamani, kwa oili nyembamba na nafasi za beringi zisizosamehe chembe. Heshima waliyoichuma babu zao kwenye barabara ya Bugarama tumewapa wajukuu bila kuwauliza wamefanya nini. Nao wauzaji wanafurahi kuitumia. Bei kubwa inalipia nguvu, viti vya ngozi, kamera na jina. Uvumilivu ni bidhaa nyingine, na mara nyingi iko kwenye gari la bei ya chini.

Kuna mwenye kuuliza: hata tukijua ni kiwanda, tutafanya nini, Japani ni mbali? Hapa ndipo imani inapoleta hasara ya fedha. Samaki wa mukeke akiwa ameoza, mama wa Rohero anarudi sokoni siku ileile, na mchuuzi atamsikia mpaka jirani. Mwanawe akinunua gari la thamani ya nyumba likafa kabla ya miaka mitatu, ananyamaza. Anaona aibu. Kukiri kwamba gari lake lilikuja na kasoro ni kukiri kwamba aliuziwa, na ni heri aonekane ana shoferi mjinga.

Ila sheria haikumwacha. Sheria yetu ya mikataba inatokana na dikrii ya 30 Julai 1888, iliyoandikwa kwa ajili ya Kongo ya Leopold na kuletwa huku na Wabelgiji. Pamoja na uzee wake inasema wazi kwamba muuzaji anawajibika kwa kasoro iliyofichika, hata kama mwenyewe hakuijua, isipokuwa kama mlikubaliana vingine. Mnunuzi anaweza kurudisha kitu akarudishiwa fedha, au akabaki nacho akarudishiwa sehemu ya bei. Aliyekuuzia naye aliuziwa; amdai wake, mnyororo ufike hadi kiwandani. Sharti linalowaua wengi ni kwamba dai lazima lifanywe ndani ya muda mfupi. Na muda huo sisi huumalizia kumjadili shoferi.

Tatizo ni kwamba magari mengi yanayoingia Burundi yanapitia Dubai, yameshatumika, yameshatoka mikononi mwa wakala. Marekani, wito wa kasoro hufuata gari, hata likiuzwa mara tano, na matengenezo ni bure kama wito umetolewa kabla ya miaka 15 kupita tangu liliponunuliwa likiwa jipya. Likivuka bahari hadi bandari ya Dar es Salaam, haki hiyo inabaki ufukweni. Hakuna anayelazimika kukuandikia barua. Hilo ndilo la kupigania, na si gumu kama linavyosikika. Namba ya chasisi OBR, mamlaka yetu ya mapato, wanaiandika siku ya ushuru. OTRACO, shirika letu la umma la usafiri, wanaiona tena kwenye ukaguzi. NHTSA wanaruhusu mtu yeyote duniani kuiangalia namba ya gari la Marekani bure, kwa simu, na Saudi Arabia ina tovuti yake ya serikali ya magari yaliyoitwa. Kinachokosekana ni mtu mmoja kwenye meza moja mwenye amri ya kulinganisha namba na kumwambia mwenye gari. ABUCO, chama chetu cha walaji, hakikosi kusema bei na mafuta vinapoharibika. Kiseme na hili, hata kama wahanga wake wanakaa kwenye nyumba zenye bustani. Toyota, Hyundai na wenzao wanajua kusikiliza pale wanapolazimishwa.

Mpaka hapo, ushauri wangu kwa mwenye gari ni wa ubinafsi kabisa. Shoferi unayemfukuza anaondoka na kila anachokijua: mlio ulianza lini, kwenye mlima au tambarare, taa ipi iliwaka kwanza. Fundi naye, usipomzuia, atauza beringi za zamani kwa wanunuzi wa chuma chakavu na oili ataimwaga. Mwezi ukipita, utakapopata ujasiri wa kumwandikia aliyekuuzia, huna shahidi wala kielelezo. Atakujibu kwamba injini iliuawa na dereva wako, na kama uthibitisho atakuomba nakala ya barua ya kumwachisha kazi, yenye tarehe, sababu na saini yako.