Daftari la Wiki: Anga la Usiku Juu ya Uluguru

Gavin Jantjes, mchoraji aliyezaliwa Cape Town mwaka 1948, alilichora anga la usiku kwenye turubai kubwa mwishoni mwa miaka ya 1980. Mojawapo, ya 1989–1990, ina upana wa karibu mita 3 na iko Washington, katika Makumbusho ya Taifa ya Sanaa ya Afrika. Imetokana na simulizi ya Wakhoisan: msichana alichota majivu ya moto, akayarusha juu, yakawa Njia ya Maziwa.

Jantjes aliishi uhamishoni, Ujerumani kwanza na baadaye Uingereza, ambako kundi la nyota la Msalaba wa Kusini halichomozi kabisa. Waafrika Kusini wenzake waliokimbilia Morogoro, Tanzania, walikuwa na bahati zaidi. Huko Mazimbu, ambako chama chao cha ANC kilianzisha shule ya Solomon Mahlangu mwaka 1978 (leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, SUA), Msalaba ulikuwa ukionekana, ingawa chini kuliko kwao.

Morogoro iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Mwezi Mei, mnamo saa tatu usiku, kundi la Dubu Mkubwa husimama kaskazini na Msalaba kusini, vikitazamana. Kusini huko ndiko iliko safu ya Uluguru, na kilele cha Lupanga kina mita 2,138. Kitovu kinachozungukwa na nyota za kusini kiko chini sana angani, hivyo kwa aliyeko mjini mlima umekificha: nyota hupanda bega la mashariki, hupita juu ya kilele na kushukia bega la magharibi. Mchoraji angetaka nini tena? Weusi mzito chini, mwendo juu yake.

Mei hiyohiyo, masika ikielekea ukingoni, kundi la nyota la Kilimia hupotelea kwenye mwanga wa jua. Hurudi alfajiri za Juni.

Tanzania ina wachoraji wengi, ila usiku hawajaushughulikia sana. Edward Saidi Tingatinga alianza Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi ya kung'aa kwenye hadibodi za mraba, upande kama sentimita 60. Rangi hiyo inawafaa chui na ndege. Kwa usiku ina kasoro: weusi wake hurudisha mwanga wa taa, na mtazamaji hujiona mwenyewe badala ya nyota. Picha nyingi za sokoni, isitoshe, hukatwa kwa kipimo cha sanduku la mtalii, na anga halitoshi humo.

Mchoraji wa Morogoro anayetaka kujaribu na apande Morningside, mlimani Uluguru, Julai au Agosti, usiku usio na mbalamwezi. Kati ya saa tatu na saa tano, sehemu nene ya Njia ya Maziwa huwa karibu na utosi. Asibebe nyeusi na nyeupe peke yake: nyota ya Antares, katikati ya kundi la Nge, ni nyekundu.