Ujira wa Waongoza Watalii na Dhamiri Yao

Barabara ya lami kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay imeifupisha safari ya Ziwa Nyasa, nasi twatarajia wageni zaidi. Yafaa kujiuliza mapema: vijana watakaowapandisha Jiwe la Mbuji au kuwavusha ziwani watafanya kazi kwa masharti gani?

Mlima Kilimanjaro watufundisha jambo. Mwongoza watalii wa huko hutazama pumzi ya mgeni, hatua zake na usemi wake. Anayeyumba kama mlevi na kusema ovyo huenda ubongo wake umeanza kuvimba. Dawa ya kwanza ni kumshusha mara moja, hata usiku, hata kilele kikiwa karibu. Lakini mgeni aliyerudishwa huenda asitoe bakshishi, na kwa wengi bakshishi ni sehemu kubwa ya kipato. Hapo ndipo dhamiri na njaa hugombana. Mzigo wa mpagazi una kikomo, kilo 20, nao hupimwa langoni. Ujira wake hauna mizani pale.

Papa Yohane Paulo II, katika Laborem Exercens (1981), aliufanya ujira wa haki kuwa kipimo cha haki ya mfumo mzima wa uchumi. Kwetu, mvuvi atambuaye dalili za upepo wa kusini kabla ziwa halijachafuka ana elimu kama ile ya mlimani, ingawa hana cheti. Akiajiriwa kuwavusha wageni, mkataba uandikwe, na alipwe hata siku aliyokataa kuingiza mtumbwi majini.