Ufundi Si Umaskini

Bedford MK kuukuu la jeshi la Uingereza likinunuliwa Ulaya, likafumuliwa na kuwekewa kitanda, jiko na tangi la maji kwa ajili ya kupiga kambi porini, tunaita sanaa. Fundi wa Gerezani akifufua Bedford jingine libebe mkaa, tunaita umaskini. Kwa nini?

Kazi ni ile ile. Injini ya MK, silinda 6, lita 5.4, haina kompyuta. Inataka sikio na spana. Chasisi ya lori hujisokota likivuka korongo. Ukiikazia bodi kila pembe, bodi itapasuka. Kule huweka kibanda juu ya egemeo linalocheza. Huku fundi hulaza mbao kati ya chasisi na bodi. Swali moja la uhandisi, majibu mawili.

Mtasema malori makuukuu yanaua. Kweli, breki mbovu zinaua. Basi tudai ukaguzi, na fundi alipwe vizuri ili asilazimike kulipua kazi. Dharau haijawahi kukaza breki.

Sisi wa shahada ya uzamili tunamwita “fundi tu”. Lori likikwama, tunamwita “mtaalamu”. Tuchague jina moja, tumlipe kwa hilo.