Je, Ajali Haina Kinga?

Mara nyingi, lori linapopinduka, watu waliosimama kando yake husema: "Ajali haina kinga." Methali hiyo ni ya wazee wetu, nasi twaiheshimu, walakini yafaa tuulize kama imetumiwa mahali pake. Mtu apigwaye na radi shambani mwake hana la kulaumiwa. Lakini dereva aliyeendesha usiku kucha hata akasinzia kwenye usukani, kinga yake ilikuwapo: ama hakuitumia, ama alinyimwa.

Tarehe 30 Juni 2023, katika njia panda ya Londiani, lori liliwavamia watu na magari, wakafa zaidi ya 50. Miongoni mwao walikuwamo wachuuzi waliokuwa wakiuza bidhaa zao kando ya barabara. Kwa hiyo mwendo wa lori si jambo la dereva na tajiri wake peke yao.

Ziko kampuni ambazo huwarudisha madereva wao mafunzoni, ijapokuwa wana leseni. Wako wanaonung'unika, wakisema, "Mimi nimeshika usukani miaka 20, nifundishwe nini?" Ndugu zangu, mafunzo hayo si ya kuonyesha ushujaa, bali ni ya kuitambua hatari ingali mbali. Gari liendalo kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 kila sekunde. Atazamaye simu yake kwa sekunde 2 amekwenda mita 44 kama kipofu. Tena, mwendo ukiwa mara mbili, breki huhitaji nafasi mara nne ili kulisimamisha gari. Ndiyo sababu dereva hufundishwa kuacha nafasi isiyopungua sekunde 2 nyuma ya gari lililo mbele, na kuiongeza mvua inyeshapo au mzigo uwapo mzito.

Huko Sweden wataalamu waliwajaribu madereva wa shirika la simu la serikali, nao wakatangaza matokeo mwaka 1996. Kundi moja lilipewa mafunzo ya kuendesha, jingine mabango na matangazo, jingine zawadi ya fedha kwa kutopata ajali, na jingine liliketi pamoja, likazungumza juu ya hatari za kazi yao, kila mtu akaahidi jambo atakalolitengeneza. Kundi hilo la mazungumzo ndilo lililofanikiwa kupita yote. Sisi tuliozoea baraza hatuna haja ya kulistaajabia jambo hilo. Mtu hulishika zaidi neno alilolisema mwenyewe mbele ya wenzake.

Lakini mafunzo yote ni bure ikiwa amri ya ofisini inayapinga. Kutoka Mombasa hata Nairobi ni kilomita zipatazo 480. Lori lenye mzigo, likienda kwa wastani wa kilomita 50 kwa saa, hutumia zaidi ya saa 9. Sheria ya Kenya humkataza dereva wa gari la biashara kuendesha zaidi ya saa 8 katika muda wa saa 24. Basi karani aandikaye kwamba mzigo ufike siku ile ile kwa dereva mmoja amemwamuru avunje sheria, au aende mbio kupita kiasi. Kalamu yake haimwagi damu machoni pa watu, walakini imo katika kosa hilo.

Kwa hiyo, ninyi wenye kampuni, mkiwapeleka madereva mafunzoni, waiteni na makarani wapangao safari. Nanyi makarani, pigeni hesabu ya saa kabla ya kutia sahihi. Na dereva akija kusema, "Bwana, leo nimechoka, siwezi kuendesha," asikatwe mshahara wala asiitwe mvivu. Apewe nafasi ya kulala, na mzigo ungoje hata asubuhi.