Kipimo na Bei: Juu ya Viatu Ghali vya Watoto

Wako watu wasemao kwamba mzazi apunguzaye bei ya kiatu cha mtoto huuharibu mguu wa mtoto huyo. Neno hili husemwa sana Uingereza, ambako katika wiki za mwisho za Agosti, kabla ya shule kufunguliwa, wazazi hupanga safu katika maduka ya viatu. Mtoto huketishwa, soksi hunyoshwa, na mguu huwekwa juu ya kipimo chenye alama za urefu na upana. Muuzaji hutaja namba, huingia ghalani, akarudi na makasha. Mzazi hulipa pauni 40, 50 au zaidi, akatoka akiamini kuwa amenunua afya. Jirani yake aliyechukua jozi ya pauni 15 katika supamaketi hutazamwa kama mtu aliyemdhulumu mwanawe. Hii ni tuhuma nzito, maana huyapima mapenzi ya mzazi kwa fedha zake. Haifai kuachwa ipite bila kuhojiwa.

Haki hudai mpinzani asikilizwe kwanza. Watetezi wa kiatu ghali husema kwamba mguu wa mtoto si mguu wa mtu mzima uliofanywa mdogo. Sehemu kubwa ya mifupa yake huanza ikiwa gegedu, na haikomai kabisa mpaka miaka ya ujana. Kwa kuwa ni laini, hukubali kukunjwa bila kelele: mtoto mdogo aweza kushinda kutwa ndani ya kiatu kinachombana asilalamike. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Lakini hapa hata aliyemo ndani hajui. Basi watetezi hao hushika methali mbili. Samaki hukunjwa angali mbichi, kwa hiyo kosa la leo litakuwa kilema cha kesho. Na rahisi huvunja upishi, kwa hiyo mwenye kuokoa pauni chache atalipa nyingi kwa tabibu.

Sehemu ya maneno haya ni kweli, na ushahidi wake upo. Mwaka 2009 watafiti wa Austria walitangaza matokeo ya kuwapima watoto 858 wa umri wa miaka mitatu hadi sita. Karibu watoto tisa katika kila kumi walivaa viatu vya ndani vilivyokuwa vifupi kuliko ilivyopasa, na karibu saba katika kila kumi walikuwa hivyo kwa viatu vya nje. Kadiri kiatu kilivyozidi kuwa kifupi, ndivyo kidole gumba kilivyoelekea kupinda. Lakini ushahidi huu unamshitaki nani? Unakishitaki kiatu kifupi. Kiatu rahisi hakikutajwa katika hati ya mashitaka. Milimita haziulizi bei, na kiatu cha pauni 50 kilichopungua urefu kitabana sawasawa na kile cha pauni 15.

Kosa la watetezi ni kufunga vitu vitatu katika furushi moja na kuviuza kwa bei moja: kipimo, ufundi na jina. Heri furushi lifunguliwe, kila kitu kikatazamwa peke yake.

Kipimo ndicho chenye thamani kubwa kuliko vyote, nacho ndicho rahisi kuliko vyote. Katika hesabu ya Kiingereza, tofauti ya namba moja ya kiatu na nyingine ni theluthi ya inchi, yaani kiasi cha milimita 8 na nusu; asili yake ni urefu wa punje ya shayiri. Chombo cha chuma alichokibuni Charles Brannock huko Syracuse, New York, katika miaka ya 1920, bado kinatumika, na kazi yake ni kusoma mistari. Kipimo hakihitaji ngozi wala uzi. Mzazi mwenye karatasi, kalamu na rula anaweza kukipata nyumbani. Ajabu ni kwamba kitu hiki kisicho na gharama ndicho kinachotangulizwa ili vile vingine viwili vipate kulipiwa.

Ufundi ni sifa ya kweli. Ngozi nzuri hupumua, mshono imara haufumuki, soli njema haitelezi. Kampuni ya Clarks, iliyoanzishwa mwaka 1825 katika kijiji cha Street, Somerset, haikupata heshima yake kwa bahati. Ilitengeneza viatu vya watoto vya urefu mmoja katika upana mbalimbali, na jambo hilo ni msaada kwa mtoto mwenye mguu mpana au mwembamba. Lakini uimara ni fadhila inayotaka muda ili ionekane. Mguu wa mtoto aliye chini ya miaka mitatu huweza kurefuka kiasi cha milimita moja na nusu kwa mwezi. Katika miezi sita hizo ni milimita 9, zaidi ya namba nzima. Kiatu kilichoshonwa kidumu miaka miwili kitaachwa kingali kipya. Anayelipia miaka miwili kwa matumizi ya miezi mitano hakununua uimara, amenunua masalio.

Hapa ndipo ubaya wa bei kubwa unapojifunua. Mzazi aliyetoa pauni 50 mwezi wa Septemba hapendi kuambiwa mwezi wa Januari kwamba kiatu kimekuwa kidogo. Fedha iliyotoka humfunga mkono. Atasema kitamfaa mpaka Pasaka. Atasema mtoto anadeka. Au tangu mwanzo atachukua namba iliyozidi, ili mtoto akikulie, na mtoto atatembea akiburuta kiatu kisichomshika kisigino. Au atakiweka kwa ajili ya mdogo wake, ambaye mguu wake una umbo jingine. Kwa njia hizi tatu bei iliyodaiwa kulinda kipimo hukivunja kipimo. Mzazi wa kiatu cha pauni 15 ana uhuru mmoja ambao mwenzake hana: anaweza kukitupa kwa wakati wake. Kwa bei ya jozi moja ghali hupata jozi tatu, na jozi tatu zilizofuata mguu ni bora kuliko moja iliyosubiriwa.

Watetezi wakishindwa katika hesabu hukimbilia tiba. Husema kwamba kiatu kigumu cha gharama huujenga upinde wa wayo. Jambo hili limepimwa. Utafiti uliotolewa Marekani mwaka 1989 uliwagawa kwa kura watoto wenye wayo bapa ulio laini: wengine walivaa viatu maalumu au vitegemezi vya ndani, wengine hawakupewa matibabu. Baada ya miaka mitatu nyayo za makundi yote zilikuwa zimeendelea vizuri, na tofauti ya maana haikuonekana. Mwaka 1992 watafiti wa India, baada ya kuchunguza watoto 2,300, walieleza kwamba wayo bapa ulikuwa asilimia 8.6 kwa wavaao viatu na asilimia 2.8 kwa waendao miguu mitupu. Mguu hujijenga kwa kutembea. Kiatu kizuri ni kile kisichouzuia.

Limebaki jina, na jina huuzwa kwa hofu. Historia ina somo la kutosha. Tangu miaka ya 1920 maduka ya viatu ya Marekani na Ulaya yaliweka sanduku la eksirei. Mtoto aliingiza mguu ndani, mzazi akachungulia juu, akaiona mifupa ya mwanawe ndani ya kiatu. Ilionekana sayansi tupu. Kumbe miale ile ilikuwa na hatari, na kazi yake kubwa ilikuwa kumwondolea mnunuzi shaka. Mwaka 1957 jimbo la Pennsylvania lilipiga marufuku mashine hizo, na nyingine zikafuata njia hiyo hiyo. Sanduku limeondoka, hofu imebaki dukani. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Mambo haya si ya Waingereza peke yao. Afrika Mashariki kiatu cha mtoto kina kazi ambayo hakuna mwenye akili aibishiaye: huzuia safura ipenyayo katika nyayo, huzuia funza, miiba na vigae. Kazi hiyo hufanywa na kiatu chochote kizima kinachomtosha mtoto. Lakini zipo shule zidaizo kiatu cheusi cha ngozi, na zipo nyumba ambamo kiatu hicho hununuliwa namba mbili zaidi ili kivaliwe miaka miwili, vidole vikijazwa karatasi mwanzo na kukunjwa mwisho. Wazo la kwamba kiatu ghali ndicho kiatu cha mtoto apendwaye likiota mizizi katika nyumba hizo, litaongeza aibu juu ya ufukara, wala halitaongeza milimita moja.

Mtoto mwenye ugonjwa wa mguu, au mwenye maumivu, au anayechechemea, hayumo katika mabishano haya. Huyo ni wa tabibu, na kiatu aandikiwacho ni dawa. Kwa wengine wote kanuni ni fupi. Mtoto asimame juu ya karatasi jioni, nyayo zote mbili zichorwe, ule mrefu ufuatwe. Mbele ya kidole kirefu pabaki nafasi ya upana wa kidole gumba cha mtu mzima. Kisigino kishikwe, soli ikunjike. Na kazi hiyo irudiwe kila baada ya miezi miwili au mitatu. Mwenye uwezo akitaka kulipa pauni 50 kwa ngozi nzuri, mali ni yake na hakuna wa kumlaumu. Asidhani tu kwamba amempenda mwanawe kuliko jirani. Mapenzi katika jambo hili ni kuinama mara kwa mara na kushika ncha ya kiatu kwa kidole, na kuinama huko hakuuzwi popote.