Tenda haipingwi kwa manung'uniko

Niliporudi kutoka ukimbizini niliamini tenda za halmashauri ni za wenye wajomba. Niliomba ya kuzoa takataka za soko letu la mpakani hapa Uganda, nikasikia mitaani imepewa mwingine. Nikanung'unika wiki tatu. Kumbe jina la mshindi lilibandikwa ubaoni siku zote hizo!

Sheria ya ununuzi wa umma ya 2003, iliyorekebishwa 2021, inampa mwombaji siku 10 za kazi kumpelekea mtendaji mkuu malalamiko kwa maandishi. Asiporidhika, liko baraza la rufaa. Muda ukipita, hata mwenye haki hana pa kushika.

Ndugu wafanyabiashara, tusome ubao, tuandike mapema. Chelewa chelewa, utakuta mwana si wako.